Mbegu Zinazoogelea Mbili Mbili: Shajara ya Mradi wa Oposumu Mkia-Mfupi

Lengo ni moja: kuziona mbegu za kiume za oposumu mkia-mfupi (Monodelphis domestica) zikiwa bado zimeshikana, kuzipiga picha zikiogelea, na hatimaye kuzikata vikato vyembamba kwa ajili ya hadubini ya elektroni bila kuzitenganisha. Kwa mnyama huyu wa Amerika ya Kusini, mbegu hutoka korodanini moja moja. Zikiwa safarini ndani ya epididimisi, mrija uliokunjamana kando ya korodani ambamo mbegu hukomaa, hukutana, hugeuziana nyuso na kuunganika vichwa, kisha huishi na kuogelea mbili mbili. Emil Selenka aliliandika jambo hili mwaka 1887 alipochunguza oposumu, na tangu hapo limeonekana kwa wanyama wenye mfuko wa mabara ya Amerika, ila mmoja: Dromiciops, kimnyama cha misitu ya Chile na Argentina ambacho kwa nasaba kiko karibu zaidi na jamaa zake wa Australia.

Itifaki tulizoanza nazo ni za panya wa maabara, kwa sababu ndizo zilizokuwa kabatini. Anayetaka kurudia kazi hii asianzie hapo. Aende moja kwa moja kwenye maingizo ya Machi na ya mwisho wa Aprili, ambako karibu kila kitu cha panya kilikataa.

4 Februari: Tishu

Hakuna mnyama anayeuawa kwa ajili ya mradi huu. Tunapokea viungo vya madume waliokwisha kupangwa kuondolewa kwenye koloni kwa kazi nyingine, na kamati ya maadili ya wanyama imeidhinisha mgawano huo kwa maandishi. Gharama yake ni kwamba hatuchagui siku. Tishu ikija saa kumi jioni, kazi inaanza saa kumi jioni.

Dume mzima ana uzito wa gramu mia moja na kitu, kwa hiyo kila kiungo ni kidogo, ila tezi ya prosteti. Hiyo ni kubwa kupita matarajio, imechongoka mfano wa karoti na ina kanda tatu zinazofuatana. Mtu aliyezoea panya hupoteza muda akitafuta vifuko vya shahawa pembeni. Asitafute, havipo. Kazi ya kutengeneza majimaji imeachiwa prosteti pamoja na jozi tatu za tezi za Cowper. Mfuko wa korodani nao uko mbele ya uume, kinyume cha panya, na uume wenyewe umegawanyika ncha mbili. Ncha hizo mbili ndizo zilizowafanya watu wa zamani huko Marekani Kaskazini waamini kwamba oposumu huingiliana kupitia tundu za pua. Jike ana njia mbili za uke upande huu na huu, na hilo linaeleza umbo la dume vizuri kuliko pua.

Kwa wanaofuata: ondoeni korodani na epididimisi kwa pamoja, mkiacha kipande cha kutosha cha mrija wa manii wa kushikia kwa koleo. Ukishika epididimisi yenyewe, umekwisha kuibana, na matokeo yake yako kwenye ingizo la 1 Machi.

17 Februari: Ramani ya epididimisi

Tumegawanya epididimisi kichwa, mwili na mkia, tukachukua tone dogo kila sehemu na kulitazama likiwa bichi. Picha ni nzuri kuliko michoro ya vitabuni.

Kichwani mwa epididimisi kila mbegu iko peke yake, na kichwa chake kimekaa kwa kukingama juu ya mkia, kama herufi T. Hii ni tabia ya mbegu za wanyama wenye mfuko kwa jumla. Kiini hubanwa na kuwa bapa kikiwa kimekingama kwa mkia, na mkia hujishikiza katikati ya upande wa chini wa kiini, wala si nyuma yake. Akrosomu, kile kifuko cha vimeng'enya cha kutobolea yai, hukaa upande wa pili tu. Haivishwi kichwani kote kama kofia, ilivyo kwa mbegu ya panya au ya binadamu. Safari ya epididimisi inapoendelea, kichwa huzunguka taratibu mpaka kikalala sambamba na mkia. Tone la sitoplazimu lililobaki shingoni nalo huteleza na kudondoka.

Baada ya kichwa kulala ndipo jozi zinapoanza kuonekana. Mwilini mwa epididimisi tumeona mchanganyiko: nyingine bado moja moja, nyingine zimekaribiana tu, nyingine zimeshikana kabisa. Mkiani, jozi ndizo zinazotawala.

Kilichotusumbua ni mpaka. Kwa macho, mwili na mkia haviachani mahali bayana, na slaidi mbili zilizoandikwa "mwili" zilitoa habari mbili tofauti. Tumeacha majina. Sasa epididimisi inanyooshwa juu ya nta, inakatwa vipande vifupi vyenye namba kuanzia korodanini, na kila slaidi inabeba namba. Gharama ni muda: kutenganisha utando unaokunja mrija ni kazi ya uvumilivu chini ya hadubini ya kupasulia, na mrija ukikauka hata kidogo hupasuka.

1 Machi: Kukatakata kumeua jozi

Njia ya panya ni rahisi. Unaweka mkia wa epididimisi kwenye kimiminika vuguvugu, unaukatakata kwa mkasi, unangoja dakika chache mbegu zitoke zenyewe, unavuta kwa pipeti. Tulifanya hivyo. Mbegu zilitoka, tena hai, lakini nyingi zilikuwa moja moja. Kama tusingekuwa na ramani ya Februari tungeandika kwamba dume huyu hana jozi.

Washukiwa walikuwa watatu: mkasi, pipeti, na kimiminika chenyewe. Tulichukua epididimisi ya upande mmoja kwa jaribio na ya upande wa pili, ya dume huyohuyo, kwa kulinganisha, tukabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Kimiminika hakikuwa na hatia. Tone lililotolewa kwa upole likawekwa humo lilibaki na jozi zake.

Pipeti ilikuwa na hatia kubwa. Ncha ya kawaida ya plastiki ina tundu dogo, na mkondo unaopita humo unavuta mikia miwili pande mbili. Tulipokata ncha kwa wembe ili tundu lipanuke, na kuvuta polepole, hali ilibadilika mara moja. Kuchanganya kwa mashine ya kutikisa ni marufuku kabisa. Anayetaka kuchanganya ainamishe mrija kwa mkono.

Mkasi nao uliharibu kwa njia mbili. Ulikata mbegu zenyewe, na ulimwaga damu na vipande vya tishu ambavyo mbegu zilijinatia. Suluhisho lililokaa ni hili: safisha nje ya mkia wa epididimisi, chagua pindo moja la mrija lililojaa na kuwa jeupe, litoboe kwa sindano nyembamba, liache lijimimine lenyewe kwenye tone kubwa la kimiminika. Usikamue. Kinachotoka kwanza ni uzi mzito mweupe. Ukiachwa utulie, utalegea na kusambaa wenyewe. Mavuno ni madogo ukilinganisha na kukatakata, na wanyama wenye mfuko kwa kawaida hawana akiba kubwa ya mbegu hata hivyo, kwa hiyo kila jaribio lipangwe kabla ya kutoboa.

Uchunguzi huu ulitumalizia tishu yote ya madume wawili wa kwanza. Sioni njia ya mkato. Bila ulinganisho wa kulia na kushoto kwa mnyama mmoja tungebaki tunakisia.

20 Machi: Joto

Fupi. Sahani ya joto ya hadubini ilikuwa imewekwa nyuzi 37, kwa mazoea. Oposumu mkia-mfupi si mnyama wa nyuzi 37. Joto la mwili wake liko karibu na 33, na epididimisi inaning'inia nje ya mwili kwenye mfuko, penye ubaridi zaidi. Kwa nyuzi 37 mwendo ulikuwa wa kasi mwanzoni kisha ukafifia haraka. Kwa 33 tunapata muda wa kutosha kurekodi. Pimeni joto ndani ya tone lenyewe kwa kipimajoto chembamba, kwani namba ya kwenye kioo cha mashine na joto la tone havilingani.

8 Aprili: Mnato

Hapa ndipo hoja ya mradi ilipo. Kwa nini mbegu zishikane? Jibu lenye ushahidi bora ni la Harry Moore na David Taggart, waliochapisha mwaka 1995 kazi yao juu ya oposumu huyuhuyu: katika majimaji mazito, jozi husonga vizuri kuliko mbegu moja. Ndani ya jike hakuna maji mepesi kama ya kwenye sahani ya petri, kuna ute. Tulitaka kuliona hilo kwa macho yetu.

Kizito kinachotumika ni methili selulosi. Kwa siku kadhaa tulitengeneza uji wa mabonge. Unga huu una tabia ya kinyume: kwenye maji ya moto hutawanyika bila kuyeyuka, na huyeyuka yanapopoa. Ukiutia kwenye kimiminika baridi, kila punje hujivika ngozi ya gundi na kiini chake hubaki kikavu. Ukikichemsha kimiminika kizima pamoja na unga, unafukuza kaboni dioksidi iliyomo kwenye baikaboneti, na asidi inashuka kupita kiasi. Suluhisho: tawanya unga kwenye nusu ya ujazo, maji matupu yaliyo moto, kisha ongeza nusu ya pili, ambayo ni kimiminika baridi chenye chumvi maradufu na bafa ya HEPES, inayoshikilia kiwango cha asidi. Acha kwenye jokofu usiku kucha. Asubuhi mapovu yamepanda na yamepotea. Bila hiyo nusu yenye chumvi maradufu, mchanganyiko unakuwa hafifu kwa mbegu, nazo hufyonza maji na kukunja mikia.

Video nazo zilihitaji marekebisho. Kamera ya fremu 25 kwa sekunde inadanganya: mkia unapiga mara nyingi kiasi kwamba fremu zinaukuta karibu mahali palepale, na unaonekana umelala. Tumeazima kamera ya kasi, kwa zamu, na hiyo zamu ndiyo iliyotuchelewesha.

Tulichokiona, baada ya hayo yote: kwenye kimiminika chepesi, tofauti kati ya jozi na mbegu moja haivutii sana kwa jicho. Kwenye kizito, tofauti ni wazi. Mbegu moja huzunguka duara au husimama ikitikisa kichwa. Jozi inakwenda mbele kwa njia iliyonyooka. Sababu inaonekana kwenye umbo. Akrosomu iko upande mmoja na mkia umeshikizwa upande mwingine, kwa hiyo mbegu moja ina nguvu iliyoegemea upande. Zikiunganishwa uso kwa uso, mwelekeo wa moja unafutwa na wa mwenzake, na kinachobaki ni kwenda mbele.

Tahadhari kwa watakaorudia: mbegu moja inayoonekana mkiani mwa epididimisi inaweza kuwa iliyovunjika kutoka kwenye jozi kwa mikono yetu, na iliyovunjika huenda imejeruhiwa. Kuilinganisha na jozi nzima kunaipa jozi ushindi wa bure. Kwa hiyo tunarekodi zile tu ambazo kwenye kimiminika chepesi zilikuwa bado zikienda kwa nguvu. Bado si ulinganisho safi, na sidhani utakuwa safi kamwe kwa njia hii.

27 Aprili: Rangi, na sabuni iliyofuta viini

Slaidi za kudumu. Njia ya kawaida, kupaka na kuacha ikauke hewani, haifai. Tone linapokauka, uso wa maji hupita juu ya mbegu na kuzivuta, na jozi hufunguka au hulala vibaya kiasi cha kutojulikana ipi ni ya ipi. Sasa tunagandisha kwanza, kwa kemikali na si kwa baridi, zikiwa bado zinaelea, kisha tunazitua kwenye kioo kilichopakwa polilisini ili zinate.

Mgandisho wa kwanza ulikuwa glutaraldehaidi. Unashika jozi vizuri sana, lakini unang'aa wenyewe chini ya mwanga wa hadubini ya florosensi, na viini vilivyopakwa DAPI, rangi ya kung'arisha DNA, vilizama ndani ya mng'ao huo. Tumebaki na paraformaldehaidi asilimia 4 kwa florosensi, na glutaraldehaidi kwa hadubini ya elektroni tu.

Sasa sabuni. Sampuli ilikuwa na takataka za seli nyingine, na itifaki ya panya inasema ziyeyushwe kwa SDS asilimia 1, kwa kuwa kichwa cha mbegu kinastahimili na vingine vyote vinayeyuka. Tuliweka sampuli ambayo haijagandishwa, tukatazama. Viini vya mbegu vilivimba, vikapauka, vikapotea pamoja na takataka. Sampuli nzima ilikwenda hivyo, na ilikuwa ya mkia mzima wa epididimisi.

Maelezo yako kwenye protamini, zile protini zinazofunga DNA ndani ya kichwa cha mbegu. Kwa panya na binadamu, protamini zina sisteini, asidi amino yenye salfa, na sisteini hufungamana kwa madaraja ya salfa mbegu zinapokomaa ndani ya epididimisi. Kiini kinakuwa kigumu kiasi cha kuvumilia sabuni kali. Protamini za wanyama wenye mfuko, isipokuwa za Planigale wa Australia, hazina sisteini. Hakuna madaraja. Kiini kinaonekana kigumu kwa jicho kumbe kimefungwa kwa mvutano wa chaji tu, na sabuni inaufungua.

Baada ya uchungu kupoa, tumeligeuza janga hili kuwa kipimo. Tone dogo la SDS pembeni mwa kioo cha kufunikia, mbegu za oposumu upande mmoja wa slaidi na za panya upande mwingine, na mwanafunzi anaona kwa dakika chache tofauti ambayo ingechukua kurasa kuieleza. Kwa usafi wa sampuli, hata hivyo, njia ni ileile ya Machi: toboa kwa upole, takataka hazitakuwepo.

Sabuni nyepesi za kutoboa utando, mfano Triton, nazo zitumike baada ya kugandisha tu. Jozi imeshikwa na utando kwa utando, na ukiuyeyusha umeondoa kishikizo.

19 Mei: Hadubini ya elektroni

Jaribio la kwanza: tulizungusha mbegu kwenye sentrifuji ili zikusanyike chini, kisha tukagandisha. Vikato vilionyesha vichwa vilivyobanana ovyo na jozi chache. Jaribio la pili: gandisha kwanza, zungusha kwa kasi ndogo, funga kwenye agari. Jozi zilikuwepo, lakini zimeelekea kila upande, na kikato kinachopita sawasawa kwenye vichwa viwili kwa pamoja ni bahati nasibu. Kisu cha almasi kinagawanywa na maabara nyingine, na zamu zetu mbili ziliisha kwa kutafuta.

Jaribio la tatu ndilo lililofaulu, na ni rahisi kuliko yote. Usizitoe mbegu kabisa. Gandisha kipande cha mrija wa mkia wa epididimisi kizima, kitie osmiamu ya kukoleza picha, kisha resini ya kukifanya kigumu, kata. Mbegu zimejazana ndani ya mrija, na kila kikato kinapita kwenye nyingi mno kiasi kwamba zilizokaa vizuri hazikosekani.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Kwa sababu ya msongamano huo, resini haikupenya, na katikati ya kipande palikuwa laini; kisu kiliacha mashimo. Vipande visizidi milimita moja, na muda wa resini uongezwe maradufu, kwa hatua za ukolezi zinazopanda polepole. Osmiamu tulitumia nyingi kuliko bajeti. Ni sumu kwa macho na mapafu, kwa hiyo haifunguliwi nje ya kabati la hewa hata kwa sekunde.

Picha zenyewe: vichwa viwili vimetazamana kwa upande wa akrosomu. Utando wa moja umegusana na wa nyingine kwa kubana pembezoni mwa akrosomu, kuzunguka pande zote, na katikati pamebaki nafasi nyembamba iliyofungiwa. Maana yake ni kwamba sehemu ile ya utando ambayo itakuja kukutana na yai imefichwa kutoka kwa ulimwengu wa nje safari yote. Binafsi naliona hili kuwa muhimu sawa na kuogelea, ingawa kuogelea ndiko kunakopendwa kuandikwa. Mkia hauna la ajabu: mirija tisa kuzunguka miwili, na nyuzi tisa nene nje yake.

6 Juni: Kuhusu wale wa Australia

Tumeulizwa kwa nini hatutumii mnyama mwenye mbegu kubwa zaidi. Kweli wapo. Tarsipes rostratus, anyonyaye nekta kusini magharibi mwa Australia na mwenye uzito wa gramu kumi hivi, ana mbegu ya mikromita 356, ndefu kuliko za mamalia wengine wanaojulikana, nyangumi wakiwemo. Dunati mkia-mnene naye ana mbegu ndefu, na mbegu zake ndani ya mrija wa mayai wa jike hurudi kwenye umbo la T kabla ya kukutana na yai. Madume wa Antechinus huacha kabisa kutengeneza mbegu kabla msimu wa kujamiiana haujaanza, wakatumia akiba ya epididimisi, kisha wakafa wote ndani ya wiki chache. Lakini hakuna hata mmoja kati yao ambaye mbegu zake huungana, na kuungana ndiko tunakokufuata.

23 Juni: Kutengana

Jozi haziwezi kuingia kwenye yai zikiwa jozi. Ndani ya jike hutengana zikiwa zimefika kwenye mrija wa mayai, kila moja ikiwa na akrosomu yake salama. Tunataka kutengana huko kutokee kwenye sahani kwa hiari ya mbegu. Kutengana kwa mkasi na pipeti tumekuona vya kutosha.

Kuziacha muda mrefu kwenye kimiminika kitupu kumetoa mbegu moja moja, lakini zilizokufa ni nyingi miongoni mwake, na hilo halihesabiki. Ionofori ya kalsiamu, kemikali inayoingiza kalsiamu ndani ya seli na ambayo kwa panya hufungua akrosomu upesi, tumeiacha. Akrosomu za wanyama wenye mfuko ni sugu kwake, na kipimo kikiongezwa huua mbegu kabla ya kufungua chochote. Kinachofuata ni kuzilea pamoja na seli za mrija wa mayai wa jike aliye karibu kutoa yai. Jike wa spishi hii huingia joto la kujamiiana kwa harufu ya dume, kwa hiyo koloni inabidi ipange upya vizimba, na zamu yetu ya tishu ya jike iko baada ya kundi linalofuata la watoto kuachishwa kunyonya.